Kofia ya kauboi: bosi kichwani, boi kwenye lebo

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayoniuliza: shilingi 35,000. Muuzaji alianzia 50,000, mimi nikataja 25,000, tukakutana hapo tulipokutana. Ni pama la kahawia, ukingo mpana uliokunjwa juu kushoto na kulia, ukanda mweusi wa ngozi bandia wenye vijinyota vya bati, na kamba ya kidevuni yenye ushanga wa mbao wa kukazia. Ndani, pale utosi unapogusa, imebandikwa lebo ya kitambaa kinachong'aa: mtu juu ya farasi anazungusha kamba, na chini yake neno kauboi kwa Kiingereza, herufi za dhahabu. Duka liko katikati ya jiji la Mwanza. Jina lake nabaki nalo mwenyewe, mkisoma mtajua kwa nini.

Mimi nina bucha Kirumba. Ng'ombe wa kuchinja nanunua mwenyewe mnadani, Misungwi zaidi, na nina wachache wangu kwetu Magu, kijana ananichungia. Kwa hiyo sikutafuta kofia ya kupigia picha. Mnadani unasimama juani tangu umande haujakauka mpaka madalali wachoke kuapa, vumbi linatimka, na kilemba cha kitenge, hata ukikifunga vipi, hakiweki kivuli machoni. Wanaume wa mnadani walishalimaliza hilo zamani. Dalali ana pama, mzee mwenye kundi kubwa ana pama, manju wa ngoma naye ukimkuta kwenye sherehe za ngoma za Wasukuma Bujora mwezi wa sita ana pama lenye unyoya. Wanawake tunaonunua ng'ombe si wengi, na hakuna aliyetuwekea utaratibu wa kofia.

"Mwadila mayo," kijana wa dukani akanipokea kwa salamu ya Kisukuma.

"Mwadila."

"Karibu kofia. Ya mzee?"

"Ya kwangu."

"Aa, hilo la kauboi, mama, la kiume hilo. Za akina mama zile pale, zenye maua."

"Ng'ombe wangu hawajawahi kuniuliza."

Akacheka, akalishusha. Na hapa nitamsifu, kwa sababu kazi aliyoifanya baada ya hapo sijaiona kwenye duka lingine la kofia hapa mjini. Pama lilinibana kwenye paji la uso. Hakuniambia "litatanuka lenyewe," kama wanavyosema wauza viatu. Alichomeka birika la umeme nyuma ya kaunta, maji yakachemka, akalishika pama kichwa chini juu ya mvuke na kulizungusha polepole, akihamisha vidole kila joto lilipozidi. Kisha akageuza ukanda wa jasho nje, akausukuma kwa vidole gumba viwili kuanzia mbele kwenda pembeni, akalivika kwenye kichwa cha mbao alichokuwa nacho chini ya meza. Akanipa kigoda. Kitambo kidogo akalitoa, akalipuliza, akanivika. Limekaa. Halijanibana tena hata siku moja, na hilo ninalisema nikijua ninachokwenda kusema baadaye.

Tukiwa tunasubiri mbao ifanye kazi yake ndipo akaniambia maneno yaliyonifanya niandike haya yote. Nilimuuliza kauboi ni nani. Akajibu bila kusita: "Kauboi ni tajiri wa ng'ombe wa Marekani, mama. Bosi."

Sikubishana naye, kichwa changu kilikuwa mikononi mwake. Lakini mimi ni mtu wa ng'ombe, na mtu wa ng'ombe akiuziwa kitu kwa jina la ng'ombe lazima alipekue.

Kauboi si bosi. Kwa Kiingereza ni maneno mawili yaliyogandamana, ng'ombe na mvulana, na lilianza kuandikwa mbali kabisa na Texas. Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland, alilitumia mwaka 1725, na maana yake ilikuwa hiyo unayoisikia: mtoto wa kuchunga. Kule Uingereza na Ireland liliendelea hivyo, kwa watoto wanaopeleka ng'ombe wa nyumbani malishoni. Wazee wetu nusu ya pili ya neno hilo wanaijua vizuri sana, kwa sababu Kiswahili kiliichukua nzima na hakijairudisha. Boi. Boi alikuwa mpishi wa mzungu, mfua nguo, mfagia uwanja, na hata akiwa na wajukuu aliitwa boi. Sasa wewe chukua neno hilo, litie ng'ombe mbele, uniambie linatoka tajiri wapi.

Na lilipofika Marekani halikupanda cheo haraka, lilishuka kwanza. Wakati wa vita vya uhuru, 1775 hadi 1783, kauboi walikuwa watu wa upande wa mfalme wa Uingereza karibu na New York, kazi yao kuvamia wakulima na kuiba ng'ombe. Miaka mia baadaye neno bado lilikuwa na uchafu. Tombstone, Arizona, mwaka 1881, kumwita mtu kauboi ilikuwa sawasawa na kumwita mwizi wa mifugo. Mwenye ng'ombe wa halali alijitafutia jina jingine. Hapa kwetu usukumani na unyamwezini, wizi wa ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndio uliozaa sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe. Ningependa kumwona huyo muuzaji anaingia kijiji cha sungusungu wa miaka ile, usiku, na neno hilo kwenye paji la uso.

Kazi yenyewe Wamarekani waliikuta kwa Wameksiko. Wahispania ndio waliopeleka ng'ombe na farasi Meksiko karne ya 16, na aliyekuwa akiwachunga juu ya farasi aliitwa vaquero, kutoka vaca, ng'ombe kwa Kihispania. Ile kamba anayoizungusha jamaa kwenye lebo yangu ni lazo kwa Kihispania, Waingereza wakaigeuza lasso. Rodeo, yale mashindano yao ya kupanda mafahali, mwanzoni ilikuwa ni kuzunguka na kukusanya kundi tu. Hata vaquero wenyewe jina lao lilipita kwenye midomo ya Wamarekani likatoka buckaroo. Mtu akilisikia hawezi kudhani lina ng'ombe ndani.

Halafu ikaja pesa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha mwaka 1865, Texas ilikuwa imejaa ng'ombe wasio na mnunuzi, na reli ilikuwa mbali kaskazini. Kuanzia 1867 makundi yakaanza kuswagwa, mamia kwa mamia ya kilomita, kwa njia ya Chisholm hadi Abilene, Kansas, kupakiwa kwenye treni. Aliyeswaga alikuwa kibarua. Alilala nje, alikula maharage, alilipwa dola 30 au 40 kwa mwezi, ng'ombe si wake, na mara nyingi hata farasi aliyempanda alikuwa wa tajiri. Wengi walikuwa Wameksiko na watu weusi, baadhi yao wametoka utumwani juzijuzi. Wanahistoria hukadiria weusi walifika robo. Bill Pickett, aliyewafundisha Wamarekani mchezo wa kuruka kutoka kwenye farasi na kumbwaga fahali kwa kumkaba pembe, alikuwa mweusi wa Texas, baba na mama yake waliwahi kuwa watumwa. Kwenye lebo yangu mpanda farasi ana nywele za manjano. Haya.

Mambo hayo hayakudumu. Joseph Glidden alipata hataza ya waya wake wa miiba mwaka 1874, mbuga zikakatwakatwa kwa ua, reli ikasogea kusini, na ilipofika katikati ya miaka ya 1880 safari zile ndefu zilikuwa zinaisha. Kauboi akageuka mtu wa maonyesho, halafu mtu wa sinema, na hapo ndipo neno likaoga na kuvaa vizuri. Sinema za kauboi ndizo zilizolileta kwetu likiwa tayari limeshaoshwa. Kijana wa dukani hakosei kwa ujinga, anakosea kwa kuchelewa kuzaliwa.

Kiswahili kwenye jambo hili kiko wazi kuliko Kiingereza. Mfugaji ana ng'ombe, mchungaji ana fimbo. Mtu mmoja anaweza kuwa wote wawili, lakini hakuna anayechanganya wakati wa kugawana pesa. Tatizo letu ni dogo tu: ukisimama pale Buzuruga ukauliza mchungaji yuko wapi, utaelekezwa kanisani, na atakayetoka atakuwa na kola nyeupe na gari. Na wafugaji wengine wamepewa majina na jirani aliyegombana nao. Mang'ati, tunavyowaita wafugaji wale wa Kidatoga, ni neno la Wamasai, na maana yake adui. Mtu anaitwa adui sokoni, kwenye ripoti, kwenye redio, naye amekuja tu kuuza dume.

Turudi kwenye pama. Mwaka huohuo wa 1865, Philadelphia, mtengeneza kofia aitwaye John B. Stetson alitoa pama la kuvaliwa na watu wa ng'ombe kule magharibi. Lilikuwa la manyoya ya wanyama yaliyoshindiliwa mpaka yakagandana, la biva (mnyama wa mitoni) na sungura, ukingo bapa kabisa, kichwa cha mviringo. Mikunjo tunayoiita ya kauboi iliingia baadaye, kwa kushikwashikwa na wavaaji. Akalipa jina la biashara: Boss of the Plains. Bosi wa mbuga! Kwa hiyo muuzaji wangu alikuwa na nusu ya ukweli bila kujua. Kofia ni ya bosi, tangu siku ya kwanza iliuzwa hivyo. Aliyeitwa boi aliinunua ili naye afanane na bosi, na jina lake likabaki kwenye lebo.

Sasa je, pama la shilingi 35,000 lina ubosi wowote? Nimelivaa vya kutosha kusema.

Jua, limefaulu. Ukingo unafunika masikio na shingo, na jioni nikirudi kutoka Misungwi sina tena kile kichwa cha kugonga kilichokuwa kinanilaza mapema. Mnadani pia limenisaidia kwa namna ambayo sikuitegemea: dalali anayenijua kwa kitenge hakunitambua kwa mbali, akamtajia jirani yangu bei ya kweli ya dume nikiwa nasikia. Faida hiyo siwezi kuidai dukani lakini naiweka kwenye hesabu.

Upepo, limefaulu vizuri. Nilivuka kwenda Kamanga mchana, wakati ziwa limeshaamka na kivuko kinapigwa ubavuni, nikasimama juu kwenye reli makusudi. Kofia ya kapelo ya baba mmoja ikaondoka na kwenda kwa samaki. Langu lilinyanyuka, kamba ikalidaka kidevuni, nikashusha ule ushanga wa mbao likatulia. Kamba ni nyuzi za kusokota, haikati ngozi. Sehemu bora ya kofia nzima ni hiyo kamba, na nadhani ndiyo ya bei rahisi kuliko zote.

Mvua. Hapa ndipo jina la duka linabaki kwangu. Ilikuwa mvua ya kawaida ya vuli, ile inayotoka ziwani bila kubisha hodi, nikiwa njiani kutoka stendi. Kabla sijafika bucha maji ya kahawia yalikuwa yananitiririka shingoni, yakaingia kwenye kola ya blauzi nyeupe, na blauzi hiyo sasa ni ya kudekia. Ukingo wa mbele ukalegea ukaniangukia machoni. Nilipolianika lilikauka likiwa na mawimbi, upande mmoja juu, upande mmoja chini, na harufu ya gundi ikajaa chumba. Nikachukua kisu kidogo cha kuchunia, nikafumua pindo la ukingo kidole kimoja. Ndani mna karatasi ngumu. Boksi. Tabaka mbili nyembamba za kitambaa cha plastiki kilichoshindiliwa, katikati boksi na gundi. Kofia ya manyoya halisi humwaga maji kwa sababu manyoya yenyewe yamekamatana, hata ya sufu huvumilia japo hupungua ukubwa ikiloa. Boksi halina la kuvumilia.

Nikalirudisha. Kijana wa birika aliona aibu ya kweli, akalichukua, akajaribu kulinyoosha kwa mvuke, akashona pindo nililofumua kwa uzi wa rangi ileile, hakutaka hela. Mwenye duka, aliyekuwa kwenye kiti chake na kikokotoo, alinyanyua macho mara moja tu.

"Mama, kofia ya kauboi si ya mvua."

"Ng'ombe wa kauboi wakinyeshewa yeye anakwenda wapi?"

"Hela haturudishi, imeandikwa pale."

Na kweli imeandikwa, nyuma ya mlango, mahali mlango ukiwa wazi huoni.

Jaribio lililonipa jibu kamili lilikuwa Magu. Nilimpelekea kijana anayenichungia, pama likiwa bado zima, kabla ya hiyo mvua. Mimi nilitaka alivae siku nzima na kundi nione mchunga ng'ombe wa kweli anasemaje. Alilipokea kwa mikono miwili, akalivaa, wenzake wakampigia miluzi, akaondoka nalo. Kabla ya ng'ombe kunywa maji ya mchana nikamkuta amelitundika kwenye mti, yeye kavaa kofia yake ya milala.

"Vipi?"

"Zuri, mama. Ila hili la mabosi hili."

Nikamwambia anieleze, maana neno bosi sikumfundisha mimi. Akaanza kunionyesha kwa vitendo. Akainama kupita chini ya mgunga, ukingo ukanasa kwenye miiba, kichwa kikarudi nyuma. Ndama akichepuka huwezi kumkimbilia, pama linanesa na kukuziba macho. Linachemsha utosi kwa sababu halina tundu la hewa hata moja (nililigeuza nikahakikisha, kweli halina). Na ukichoka huwezi kulilalia, linabonyea. Kofia yake ya milala aliichovya kwenye dimbwi mbele yangu, akaikung'uta, akaivaa ikiwa mbichi, na usoni ukaona mtu anapoa. Ameinunua gulioni kwa 4,000. Ikichoka anaweka matunda pori humo, anarudi nayo nyumbani imejaa, kesho yake anavaa tena.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama wewe ni wa kusimama, yaani unanunua, unauza, unahesabu, unasubiri gari, pama hili litakukinga jua na upepo na watu watakusalimia vizuri, mradi mawingu yakijikusanya upande wa ziwa ulivue na kulitia kwenye mfuko wa plastiki. Kwa 20,000 ningesema sawa. Kwa 35,000 unalipia vijinyota na lebo. Kama wewe ni wa kutembea nyuma ya mkia wa ng'ombe, yaani kauboi hasa kwa maana yake ya tangu mwaka 1725, usilinunue hata kwa 10,000.

Mimi nimeshapata jingine, mtumba, soko la Mlango Mmoja, kwa 15,000. Halina lebo kabisa, imekatwa zamani. Limenyeshewa likatoa harufu ya kondoo na kurudi lilivyokuwa, na ukingo nimeukunja mwenyewe juu ya birika kwa ufundi niliouiba kwa yule kijana. Mapama ya sufu pale huwa machache na hutangulia kuondoka, kwa hiyo nendeni asubuhi wakati belo linafunguliwa, mbonyeze ukingo kwa vidole kabla ya kuuliza bei: ukisikia mlio wa boksi, rudisha. Wenye vichwa vya kuanzia namba 60 msipoteze muda kwenye maduka ya mjini, hawazileti. Na yule kijana wa birika, kama kuna mwenye duka la kofia anasoma hapa na anatafuta mtu, aniulize buchani nimwelekeze.